Tulipong'oa Masale ya Kisiwa

Kisiwa ninachokisema hakina bahari. Kipo Kibosho, mlimani, mahali ambapo mto unagawanyika mikono miwili, ukazunguka kipande cha ardhi kisichofika nusu ya uwanja wa mpira, kisha ukaungana tena chini yake. Wazee wetu hawakukiita kisiwa. Walisema tu "kule kwenye mawe." Ni watu wa mradi waliokiita kisiwa, na mimi niliyependa maneno makubwa nikalibandika neno hilo kwenye barua zote. Siku hizi hata watoto wanasema kisiwa. Katika yote tuliyoyafanya pale, jina ndilo pekee lililodumu.

Kilikuwa na miti ambayo hakuna aliyejua iliota lini: mikuyu, misesewe, na miringaringa sita iliyonyooka kama nguzo za kanisa. Upande wa juu, panapogawanyika mto, palikuwa na mawe manne. Hapo hapo ndipo ulipoanzia mfongo wetu, yaani mfereji wa kuleta maji kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba, uliochimbwa na watu ambao hatujui hata majina yao. Kila mwaka baada ya kusafisha mfongo, baba yangu alimwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo tu juu ya yale mawe, akasema maneno machache, kisha akawageukia watu na kuwaambia waache kuzubaa, wafungue maji. Ibada yote haikuzidi muda wa kuvuta sigara moja.

Na kukizunguka kisiwa pembeni kote yalikuwepo masale. Asiyetoka kwetu akiyaona atasema ni mimea ya mapambo: kijiti chembamba chenye majani marefu ya kijani, unachomeka tawi ardhini linaota. Kwetu ukichomeka isale mahali umekwisha kusema. Mpaka umewekwa. Hakuna aliyevuka masale ya kisiwa kwenda kukata hata fimbo ya kuchungia. Hapakuwa na mlinzi, wala kibao, wala faini.

Baba alipofariki, kaka yangu mkubwa akarithi ukuu wa mfongo. Yeye alisoma mpaka darasa la nne. Mimi nilifika kidato cha nne, nikapata ukarani mjini Moshi, nikakaa huko miaka mingi nikipanda mlimani Krismasi na Pasaka kama wenzangu, na mkate wa dukani mkononi, na maoni mengi kuhusu namna kijiji kinavyopaswa kuendeshwa. Miaka ya ruksa, ya soko huria, ilipokuja ofisi yetu ikafungwa. Nikarudi nyumbani moja kwa moja nikiwa na mkoba wa ngozi, tai mbili, na mashine ya kuchapa ambayo hakuna aliyeitaka.

Mtu aliyezoea kugonga mihuri akikosa cha kugonga ni mtu wa hatari. Kahawa ilikuwa haina bei tena, watu wanang'oa mibuni wapande nyanya, na mimi nimekaa barazani nikisoma magazeti ya juzi. Ndipo likaja shirika moja lenye ofisi mjini, likitafuta mahali pa kuhifadhi mazingira na urithi wa utamaduni. Walikuwa na gari na fedha. Mahali hawakuwa napo. Mimi nikawapa mahali.

Semina ilifanyika katika ukumbi mmoja karibu na Rau. Tulikaa siku tatu tukibandika karatasi ukutani. Tulijifunza kusema "uhifadhi shirikishi" na "jamii husika." Jamii husika ilikuwa mimi, binamu yangu mmoja niliyemchukua kwa sababu ana suti, na akina mama wawili waliosinzia kwa heshima. Kaka yangu sikumwalika. Nilijiambia kwamba hatazielewa zile karatasi. Ukweli ni kwamba niliogopa asije akaelewa.

Nikachaguliwa mwenyekiti. Nasema nilichaguliwa, ingawa niliyependekeza jina ni mimi na aliyeunga mkono ni binamu.

Mtaalamu wa shirika alikuwa kijana mpole, mwenye kofia pana. Sina neno baya juu yake. Aliuliza maswali na mimi nikamjibu uongo. Aliuliza, "Mzee mwenyekiti, hapa kuna ulinzi wowote?" Nikamwambia hakuna. Aliuliza, "Na hii mimea pembeni?" Nikamwambia ni mila tu, majani ya zamani. Akaandika. Katika fomu palikuwa na mstari wa "uzio wa kudumu," na mimi nilishaona kwa macho ya akili nguzo za zege, seng'enge inayong'aa, na kibao chenye jina la kamati. Shida ni kwamba masale yalikuwa yamesimama mahali hasa nilipotaka nguzo zipite. Tungeweza kuweka seng'enge nje ya masale, hatua mbili tu. Lakini nilijua mgeni wa kwanza mwenye akili angeuliza: kama haya yanatosha, hiyo seng'enge ni ya nini? Ilibidi yaondoke ili mradi uwe na haja.

Nikaenda kwa kaka kumpa habari. Nilimkuta anakatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, karani. Leo una tai. Nani amekufa?"

"Hakuna. Wafadhili wanataka kisiwa kiwekwe uzio."

"Uzio upo."

"Ule si uzio, kaka. Ni majani."

Aliweka panga chini akanitazama. "Wewe umewahi kuyavuka?"

"Sijawahi. Nilikuwa mtoto, niliogopeshwa."

"Mtoto! Juzi ulikuwa unatoka kanisani na mvua inakupiga mpaka soksi. Njia fupi ni kukata katikati ya kisiwa. Ukazunguka mpaka daraja la chini. Nilikuwa nimejikinga kwa jirani, nikakuona, nikasema huyu karani wetu anapenda sana kuoga."

Mke wake alicheka huko jikoni. Nilikasirika, kwa kuwa ni kweli, nilizunguka, na wala sikuwa nimefikiri. Miguu ilijizungukia yenyewe.

"Mambo yamebadilika," nikamwambia. "Watu siku hizi hawaogopi majani. Wanahitaji kitu cha kuonekana."

"Nani haogopi? Nitajie mmoja."

Nikamwambia hana elimu ya mambo haya. Ndivyo nilivyomwambia, kaka yangu aliyeuza ndizi ili nilipiwe karo. Akaokota panga lake akaendelea na migomba.

Siku ya kung'oa tulitangaza kazi kijijini. Hakuna aliyekuja. Mmoja alisema mgongo unamuuma. Mwingine alikumbuka msiba wa Machame ambao haukuwa na marehemu. Wa tatu alikuwa mkweli: "Baba, mimi nina watoto." Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo akajiuliza: kama hakuna hata mmoja anayethubutu kuyang'oa kwa malipo, ni nani atakayeyavuka bure? Mimi nilisema ni ujinga, nikapanda gari la mradi nikashuka mpaka Bomang'ombe, nikawachukua vibarua sokoni. Watu wa tambarare, wageni wa mambo yetu. Kwao lilikuwa shamba lenye magugu marefu.

Walianza asubuhi. Ng'ambo ya mto kijiji kilikuwa kimesimama chote. Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakiwa kimya namna ile. Kila shina lililotoka, watu walitazama juu, kisha wakawatazama vibarua. Walikuwa wanangoja. Wengine walingoja radi, wengine walingoja tumbo la mtu livimbe. Vibarua wale walikuwa wanaimba. Adhuhuri wakala ugali na maharage, wakajilaza kivulini chini ya mkuyu, wakaamka wazima kabisa, wakamalizia kazi, wakarundika masale pamoja na kuyamwagia mafuta ya taa. Hayakuwaka vizuri, yalikuwa mabichi. Yalitoa moshi tu.

Na mimi, ili nisikose la kujutia, nikapanda juu ya jiwe nikahutubia.

"Mmeona wenyewe!" nikapaza sauti. "Kuna aliyevimba tumbo? Kuna aliyepigwa na radi? Hayo yalikuwa mambo ya giza. Kuanzia leo kisiwa kinalindwa kwa sheria na kwa seng'enge!"

Binamu akapiga makofi. Wengine hawakupiga. Nilidhani wamechukia. Hawakuwa wamechukia, walikuwa wanafikiri. Katika maisha yangu nimewahi kufundisha somo moja tu likaeleweka na kila mtu, wakubwa kwa wadogo, na ni lile la siku ile. Kaka yangu alikuwa nyuma kabisa ya watu. Aligeuka akaenda zake kabla sijashuka kwenye jiwe.

Seng'enge ikawekwa. Miringaringa ikapigwa vibati vyenye namba. Mawe manne tukayapaka chokaa, nayo tukayaandika namba, moja mpaka nne, ili watalii waelezwe kwa mpangilio. Nakumbuka ubishi mkali wa kamati kuhusu lipi liwe la kwanza, na hakuna kati yetu aliyejua lolote juu ya jiwe lolote. Siku ya uzinduzi zilivaliwa fulana za kijani zenye picha ya mti, na mgeni rasmi akachoka kusimama akaketi juu ya jiwe namba tatu, akala hapo nyama yake. Nilimletea chumvi.

Watalii walikuja mara mbili. Kundi la pili lilikuwa limepotea njia.

Seng'enge haikumaliza msimu. Ulianza kupotea uzi wa chini, kisha wa kati. Nikaupata mmoja kwenye zizi la mbuzi la mtu, mwingine umeanikiwa nguo. Nilipouliza nilijibiwa bila aibu yoyote, kana kwamba nimeuliza habari ya kuni za porini. Kisha siku moja nikasikia msumeno. Nikashuka mbio mpaka kisiwani nikamkuta binamu, mjumbe wa kamati, amevaa fulana ya mradi, yuko na mwenzake wanapasua mringaringa namba nne. Lilikuwa limelala chini jitu zima, na kibati chake bado kimening'inia.

"Unafanya nini?" nikauliza, swali la kipumbavu.

"Shikamoo mwenyekiti. Napasua mbao. Kahawa imekufa, na mtoto kafukuzwa shule."

"Hapa? Kwenye mawe ya wazee?"

Alipangusa jasho akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Wazee gani tena, kaka? Mimi nilikuwepo ulipohutubia. Pale ulipotuambia ni mambo ya giza nilikupigia makofi. Hapa sasa ni mradi. Naiba kwa mradi, siibi kwa wazee."

"Nitakupeleka polisi."

"Nipeleke. Useme nimevunja uzio upi?"

Nikatazama. Zilibaki nguzo tu, zimejipanga kama meno yaliyobaki kinywani mwa mzee.

Sikumpeleka. Na hapa ndipo panaponiuma zaidi kuliko hotuba. Wiki iliyofuata binamu alileta mbao mbili nzuri mpaka uani kwangu, zimekatwa kwa kipimo, akasema ni za mlango. Nyumba yangu ilikuwa na mlango wa mabati uliokuwa ukipiga kelele kwa upepo. Nilijua mbao zimetoka wapi, harufu yake tu ilitosha. Nikasema asante. Nikamwita fundi. Mlango ule ninao mpaka leo na ni mzuri sana, na kila mgeni anausifu, nami husema, "Ah, ni wa kawaida tu."

Baada ya mwenyekiti kupata mlango, nani angezuiwa? Miringaringa ikaisha. Misesewe ikafuata, kwa kuwa magome yake hutiwa kwenye mbege na wauzaji wa pombe walikuwa wameongezeka. Mikuyu ilikatwa matawi ya kulishia ng'ombe mpaka karibu yote ikakauka. Wakati huo huo mimi nilikuwa barazani na mashine yangu, nikichapa taarifa ya mwisho ya mradi. Niliandika kwamba mwamko wa jamii umeongezeka. Shirika likafunga faili, yule kijana mwenye kofia pana akahamishiwa mkoa mwingine, na kila mtu akabaki na fulana.

Aliyebaki na tatizo ni kaka. Mfongo wote ulitegemea ile ncha ya juu ya kisiwa, na ncha ile ilishikwa na mizizi. Alikuja kwangu mara moja tu, akakaa karibu na ule mlango bila kuutazama.

"Ukingo umeanza kumeguka," alisema. "Masika yakija na nguvu, mto utaegemea mkono wa kulia. Huku kwetu hakutakuja kitu. Waambie watu wako waache hiyo mikuyu miwili iliyobaki juu."

"Watu wangu akina nani, kaka? Kamati imekwisha."

"Hata mimi najua imekwisha. Lakini wewe ndiye waliyekusikiliza."

Nilimwahidi nitaita mkutano. Niliita. Walikuja watu saba, na wanne kati yao walidhani kuna semina.

Masika yalikuja na nguvu. Mvua ilipopumzika asubuhi moja kaka alipita mbele ya nyumba yangu akiwa amevaa mabuti, hakupitia njiani bali ndani ya mfongo wenyewe, akipanda nao. Niliposimama kumtazama ndipo nikaona kwa nini: haukuwa na maji. Ulikuwa na tope, majani, na vyura waliochanganyikiwa. Nikavua viatu nikamfuata. Tulitembea hivyo hadi juu, yeye mbele, mimi nyuma, katika mfereji ambao sikumbuki kuuona mkavu tangu nizaliwe.

Ncha ya kisiwa haikuwepo. Mto ulikuwa umeikata kama mkate na kuipeleka chini pamoja na mawe yote manne, namba zake na chokaa yake. Maji yote yalikuwa yanapita kulia, mengi, mekundu, yakienda kwa watu wengine. Kaka alisimama mahali alipokuwa akisimama baba. Alikuwa na jembe begani kwa mazoea, na hapakuwa na pa kulitumia.

"Kaka," nikaanza.

"Usihutubie," alisema.

Akina mama wakaanza kufuata maji mbali, kule bondeni. Migomba ya watu wa chini ikakonda, na nyanya, ambazo ndizo zilizotakiwa kutuokoa, zikawa za kwanza kukauka. Hakuna aliyenilaumu hadharani. Niliendelea kuamkiwa vizuri na kupewa kiti kwenye misiba. Hilo nililiona kuwa adhabu nyepesi, mpaka nilipoelewa kwamba kwao sikuwa nimefanya kosa. Nilikuwa nimewaletea maendeleo na maendeleo yamekwisha, kama yote yaliyotangulia.

Mto ulipopungua kaka alianza upya. Alikuwa amevuka sabini. Alipanga mawe na magogo kidogo kidogo mpaka uzi mwembamba wa maji ukarudi mkono wa kushoto, ukafika nyumba chache za juu. Akasema ukingo uoteshwe miti na uachwe. Akakata masale kwenye kihamba chake, akayabeba mwenyewe kichwani. Mimi nilimkuta kisiwani nikasema nichimbe mashimo. Akanipa jembe. Tulifanya kazi hiyo siku kadhaa. Kunisamehe hakunisamehe kwa maneno, na mimi sikuomba kwa maneno. Nilichimba, yeye akachomeka. Ndani tukapanda miche ya mringaringa, ile ambayo yeye hataiona ikikua, wala mimi.

Masale yalishika haraka. Baada ya miezi michache yalikuwa yamefika kiunoni, mzunguko mzima, kijani kibichi, mstari ule ule. Ukiyatazama kwa mbali ungesema hakuna kilichowahi kutokea.

Asubuhi moja nilikuwa pale napalilia miche. Kaka alikuwa ameketi ng'ambo, amechoka. Akaja mke wa kijana mmoja wa jirani, binti mwenye adabu sana, ana panga na kamba ya kufungia majani ya ng'ombe. Aliolewa kwetu baada ya seng'enge, lakini siku ile ya kung'oa alikuwa msichana wa shule, na alisimama na wenzake ng'ambo ya mto akatazama. Alifika kwenye masale, akainua kidogo kanga yake ili asiyavunje, akayavuka. Mguu wa kwanza, mguu wa pili. Hata hatua hakupunguza.

"Shikamoo baba," alisema.

Nilitaka kumwambia arudi. Lakini ningemwambia nini? Kwamba atavimba tumbo? Tulishaona wote kwamba havimbi mtu, mimi ndiye niliyewaita kuona. Kwamba kuna sheria? Kwamba ni urithi? Nilitazama ng'ambo kwa kaka, nikidhani yeye atasema neno, kwa kuwa yeye bado alikuwa na haki ya kulisema. Alikuwa ameinamisha uso, anafunga kamba za mabuti yake, polepole, kama mtu anayetaka kazi hiyo isiishe.

"Marahaba, mwanangu," nikajibu.

Nilikuwa nimesimama mbele ya majani ya ng'ombe mazuri kuliko yote, kati ya miche miwili. Alingoja kwa heshima. Nikasogea.